Bentonaiti na maji ya chumvi pwani ya Tanga

Ukichimba kisima kirefu huku Tongoni au Mwambani, usikimbilie kukoroga tope la kuchimbia kwa maji ya kisima cha jirani. Mara nyingi yana chumvi, na kwa kuwa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana kalisi pia. Bentonaiti, ule udongo unaovimba ndio unaofanya tope, ikimwagwa humo hujikusanya na kutuama chini, juu yakabaki maji matupu. Vijana wataongeza mfuko wa pili, wa tatu, na hela zinaishia tangini.

Chembe za bentonaiti ni vibapa vyembamba mno, nyuso zake zina chaji hasi, na katikati zimekaa ayoni (chembe zenye chaji) za sodiamu. Maji matamu yakipenya, vibapa huachana, tope likawa zito. Kalisi ina chaji mbili: huing'oa sodiamu, ikavibana vibapa visivimbe.

Dawa ya kalisi ni magadi soda (kabonati ya sodiamu), na hutangulia bentonaiti. Kila miligramu 100 za kalisi kwa lita hutaka miligramu 265 za magadi. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 lenye kalisi miligramu 200 kwa lita litataka gramu 530. Koroga, pima pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ifike 8.5 hadi 9.5, ndipo unyunyize bentonaiti polepole. Ya kawaida, isiyoongezwa polima (kemikali ya kuongeza uzito wa tope), ni kama kilo 50 hadi 60 kwa tangi hilo.

Chumvi yenyewe magadi hayaiondoi. Hapo agiza boza la maji matamu, loweka bentonaiti humo usiku kucha, kisha ndipo uongeze maji ya chumvi kidogo kidogo. Hata hivyo usidanganywe na funeli ya Marsh, ile ya kupima uzito wa tope kwa sekunde linazochukua kupita. Maji safi hupita kwa sekunde 26. Tope lililoonja chumvi, sekunde zake hupanda ghafla, nalo likisimama linaganda kama mtindi na pampu inapata taabu kuanza. Fundi hufurahi akidhani limeiva! Chumvi ikizidi, uzito unashuka, maji yanavujia ardhini, ukoko mnene unajijenga kwenye ukuta wa shimo na bomba linanasa.

Ukitoboa saruji, tope nalo litaganda, kwa kuwa saruji hutoa kalisi na kupandisha pH. Hapo weka bikabonati ya sodiamu, ile ya kuokea mikate. Magadi soda yangeondoa kalisi, lakini pH ingebaki juu.