Alfajiri Juu ya Jiwe la Gangilonga

Mfanyabiashara aliyekuja studio mwezi wa Novemba 2001 alitaka kitu kimoja tu: picha ya mji wa Iringa kwa ajili ya kalenda ya mwaka uliokuwa unakuja. Alieleza kwa utulivu, akiwa ameweka viganja vyake juu ya kaunta, kwamba hakutaka picha ya duka lake wala ya bidhaa zake. Alitaka mji wote uonekane, mnara wa saa wa Jamatikhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, uonekane, na mtu wa Iringa aliyeko Dar es Salaam au Tunduma akiitazama ukutani ajue ni kwao kabla hajasoma maandishi yoyote. Fundi, yaani mzee mwenye studio ambaye wote tulimwita hivyo, aliandika maneno hayo katika daftari lake la oda, kisha akanigeukia. Miguu yake ilikuwa haimruhusu tena kupanda milima, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Nilidhani kazi ingekwisha kwa siku moja. Nilikuwa nimeishi katika mji huo tangu utotoni, lakini nilipotoka na kamera begani niligundua kwamba sikuwahi kujiuliza mji wenyewe unaonekana kutoka wapi. Iringa haina majengo marefu yanayojitokeza dhidi ya anga. Imekaa juu ya ukingo wa bonde la Mto Ruaha Mdogo, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na vilima vya mawe makubwa ambayo mengine yameingia hadi kwenye viwanja vya watu. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita bondeni Ipogolo, haipandi mjini. Kwa hiyo kuna maelfu ya wasafiri waliopita Iringa maisha yao yote, wakanunua vitunguu na nyanya dirishani, na hawajawahi kuuona mji.

Nilianza huko huko Ipogolo, kwa sababu nilifikiri mji uliojengwa juu ni lazima upigwe picha kutoka chini. Nilivuka mto, nikapanda mteremko wa upande wa pili hadi nilipopata uwazi kati ya miti, nikageuka. Nilichokiona kilikuwa genge la mawe na vichaka, paa chache za bati zilizochungulia ukingoni, na minara ya mawasiliano. Mji ulikuwa umejificha nyuma ya ukingo wake wenyewe. Jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome, na siku ile, nikiwa nimesimama bondeni na kamera isiyo na cha kupiga, nilielewa kwa macho kile nilichokuwa nimekisoma shuleni. Sehemu ile haikukusudiwa kuonekana na mtu anayetoka chini.

Kesho yake nilimwomba mwenye nyumba moja ya wageni katikati ya mji aniruhusu nipande kwenye paa lake la zege. Kutoka pale mnara wa saa ulikuwa mkubwa na mzuri, hata mishale yake ilisomeka, lakini ulikatwa na nyaya za umeme mara nne, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa jengo jingine. Nilikuwa nimepata mnara, nikaukosa mji. Nilipiga picha mbili tu, nikashuka, maana mkanda ulikuwa na picha 36 na Fundi alikuwa akihesabu kila moja.

Wote niliowauliza walinipa jibu moja: nenda Gangilonga, jioni. Jiwe la Gangilonga liko kaskazini mashariki ya katikati ya mji, umbali wa kilomita moja na nusu hivi, na jina lake maana yake ni jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda kukaa pale kutafakari, na kwamba jiwe ndilo lililompa habari za ujio wa Wajerumani, ambao jeshi lake lilikuja kuwashinda kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wazee huyasema hayo kwa sauti ya chini, na nimewazoea kiasi kwamba mimi mwenyewe sijawahi kupiga kelele juu ya jiwe lile. Vijana hupenda kupanda jioni kutazama jua likizama, na walikuwa sahihi kunituma huko. Walichokosea ni saa.

Nilifika saa kumi na moja na nusu jioni. Mji wote ulikuwa umelala mbele yangu, na kwa dakika chache nilifurahi mno, mpaka nilipoweka jicho kwenye kamera. Mwishoni mwa Novemba jua huzama Iringa upande wa magharibi, likiwa limesogea kusini kidogo, na mtu aliyesimama Gangilonga akitazama mjini anatazama kusini magharibi. Maana yake ni kwamba jua lilikuwa mbele yangu, kidogo tu kulia kwa mji, likiingia moja kwa moja kwenye lenzi. Kipima mwanga kilikuwa kinasoma anga. Nikikifuata, anga lingetoka na rangi nzuri ya machungwa na mji wote ungekuwa kivuli cheusi. Nikikikaidi, nikaruhusu mwanga zaidi, paa zingeonekana lakini anga lingekuwa jeupe kama karatasi. Jicho la mwanadamu huona vyote viwili kwa wakati mmoja, nadhani ndiyo maana hakuna aliyenionya. Juu ya hayo kulikuwa na moshi. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, watu walikuwa wamechoma mashamba na nyasi wakisubiri mvua, na vumbi la miezi sita lilikuwa limesimama hewani, hata vilima vya nyuma ya mji vikawa kama vimefutwa kwa kifutio.

Nilikuwa nakunja stendi ya kamera wakati mama mmoja alipopita chini ya jiwe akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Nilimsalimia, "Kamwene, mama," naye akaitikia na kusimama bila kuutua mzigo.

"Mwanangu, unapiga nini na jua limekukalia usoni?"

Nilimweleza habari ya kalenda. Alisikiliza, akageuka na mzigo wake wote kutazama mjini, kana kwamba alitaka kuhakikisha kabla ya kusema.

"Saa hizi huo siyo mji, huo ni moshi. Subiri mvua ya kwanza. Ikinyesha usiku, wewe njoo asubuhi kabla jua halijapanda. Mimi nafagia hapa uani kila siku, na siku hiyo huwa naona mpaka bati moja moja."

Sijakutana na maelekezo bora ya upigaji picha kuliko hayo, na nimeyapokea kutoka kwa wengi tangu wakati huo. Ndani ya maneno machache alikuwa ametaja mambo yote matatu niliyokuwa nimeyakosa. Mvua huosha vumbi na moshi hewani. Asubuhi, kwa mtu aliyeko Gangilonga, jua linatokea mgongoni na siyo usoni. Na mwanga wa jua ambalo halijapanda hupita kwa ubavu, ukipa kila paa upande wa nuru na upande wa kivuli, hali ambayo saa sita mchana hupotea kabisa na mji ukawa bapa.

Nilimweleza Fundi, naye hakucheka wala kuharakisha. Alimwomba mteja wiki moja zaidi, akaniazima lenzi yake ya milimita 135 ambayo hakuwa amewahi kuitoa nje ya studio bila yeye mwenyewe kuwepo. Kuhusu lenzi hiyo lazima niseme zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoamua kila kitu. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, kutoka umbali ule wa kilomita moja na nusu, huingiza upana wa mji unaokaribia kilomita moja; mji wote unaenea, lakini mnara wa saa unakuwa nukta ndogo isiyotambulika hata picha ikikuzwa. Lenzi ya 135 huchukua upana wa mita 400 tu. Unapoteza kingo za mji, lakini mnara unasimama, paa zinakaribiana, na vilima vya mbali vinaonekana kana kwamba vimesogea kuja kukaa nyuma ya nyumba. Mteja alikuwa ameomba mji wote na mnara, na hakuna lenzi moja inayotoa vyote viwili kutoka sehemu moja. Ilinibidi nichague ni mita 400 zipi zinazotosha kuitwa Iringa.

Mvua ilikuja siku ya tano, baada ya saa mbili usiku, ikapiga bati mpaka karibu usiku wa manane. Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa njiani, nimevaa sweta mbili, viatu vikishika udongo mwekundu uliokuwa vumbi jana yake. Chini ya mijakaranda maua yalikuwa yameanguka na kutandika barabara. Jiwe lenyewe lilikuwa limelowa na linateleza, nikalipanda kwa magoti, kamera nikiwa nimeifunga ndani ya koti.

Giza lilipoanza kupungua, niliona kwanza ukungu. Ulikuwa umejaza bonde la Ruaha Mdogo nyuma ya mji, mweupe na uliotulia, na kwa hiyo ule ukingo ambao kule Ipogolo ulikuwa umenificha mji sasa ulikuwa unauchora. Paa zilifika mwisho, zikafuatiwa na weupe mtupu, kisha vilima vikaibuka upande wa pili, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikiwa na mipaka mikali. Hapo nilijua ni mita 400 zipi. Nilielekeza lenzi mahali ambapo mnara wa saa ulisimama dhidi ya ule ukungu, nikaacha chini kabisa ya picha jabali moja kubwa lililokaa kati ya nyumba mbili, kwa sababu kwa maoni yangu picha ya Iringa isiyo na jiwe ndani yake ni picha ya mji mwingine.

Jua lilitoka saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, nyuma ya bega langu la kushoto. Sikubonyeza mara moja. Mwanga uligusa kwanza vilima vya mbali, ukashuka, ukaufikia mnara, halafu paa zilizolowa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kupanda katika nyumba chache, mwembamba na wima kwa kuwa hapakuwa na upepo. Niliweka kitundu cha lenzi kwenye 8 na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, kwenye sehemu moja kwa 60 ya sekunde, na kwa kuwa kasi hiyo ni ndogo mno kwa lenzi ndefu kama ile kushikwa mkononi, nilibana pumzi ingawa kamera ilikuwa juu ya stendi. Nilipiga picha kumi na moja. Baada ya robo saa ukungu ulikuwa umeanza kupanda na kumeza ukingo wa mji, na nilipomaliza kuweka vifaa mkobani mnara ulikuwa hauonekani tena.

Fundi aliusafisha mkanda mwenyewe. Alitundika negativu zikauke, akaziangalia kwa kioo cha kukuzia, na alipofika picha ya saba aliweka kidole bila kusema kitu. Hiyo ndiyo iliyochapwa. Mteja alipoiona aliuliza kwa nini upande mmoja wa mji haumo, nikamweleza habari ya lenzi kwa uaminifu, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema imetosha.

Kalenda zilipotoka niliomba moja ya ziada, nikaipeleka Gangilonga kwa yule mama. Aliifungua mlangoni, akaishika mbali na macho, akataja kwa kidole kila alichokitambua: mnara wa saa, njia ya sokoni, paa la jirani wa dada yake. Halafu akatafuta na kutafuta.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya jiwe nililosimama juu yake, na lenzi ilikuwa imepita juu ya paa lake. Nilimwambia ukweli huo. Alikunja kalenda taratibu, akasema haidhuru, akanikaribisha chai. Lakini mimi ilinidhuru, nami nikawa nalifikiria jambo hilo wiki nzima ya sikukuu.

Jioni moja ya Januari 2002, mawingu yalipofunguka, nilisimama upande wa mji wa barabara ya kwenda Gangilonga na ile ile lenzi ya 135, safari hii nikilitazama jiwe. Jua la jioni, lililokuwa limeniharibia kila kitu mwezi wa Novemba, lilikuwa mgongoni kwangu na lilimulika uso wote wa jiwe hadi kwenye mikwaruzo yake. Chini yake palikuwa na paa la bati lenye kutu upande mmoja, ua uliofagiwa, na rundo la kuni. Nilikuwa nimemtumia salamu asubuhi kwamba nitapiga saa kumi na moja. Alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kitenge cha kijani, mikono ameiweka mbele, akitazama upande wa mjini akinitafuta.