Kurushiana Theluji Matangani

Jumapili usiku

Nina ugomvi na The Witcher 3, na ugomvi wenyewe ni wa mtu anayeipenda.

Waliocheza gemu hii wana tabia moja. Ukimuuliza mtu ina uzuri gani, hakuelezi gemu, anakueleza alichofanya yeye. Huyu alimfungulia yule pepo wa mtini, yule alimuua. Huyu kamchagua Yennefer, mmoja wa wachawi wawili wanaopendana na Geralt, shujaa wa gemu, na Triss, yule wa pili, hataki hata kumsikia. Kila mmoja anaongea kama yuko mbele ya baraza la wazee anajitetea. Sifa wanayokubaliana karibu wote ni moja: gemu hii haikuhukumu. Inakuwekea mambo mawili, yote yana ubaya wake, unachagua, unabeba mzigo wako. Sifa hiyo nimeisikia hadi nikaizoea, na sikuwahi kuitilia shaka mpaka wiki hii nilipokaa pembeni ya mtoto wa kaka yangu akiimaliza.

Kwa asiyeijua, ilitoka tarehe 19 Mei 2015, imetengenezwa Poland na CD Projekt Red, na asili yake ni hadithi za Andrzej Sapkowski, mwandishi wa hukohuko. Unakuwa Geralt, mzee wa nywele nyeupe mwenye panga mbili mgongoni, fundi wa kuwinda mazimwi kwa malipo. Anamtafuta Ciri, binti aliyemlea tangu mdogo ingawa hakumzaa, na ambaye anawindwa na wapanda farasi kutoka ulimwengu mwingine. Kufika 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 50. Mitaani kwetu, hata hivyo, ni gemu ya watu wachache. Haichezeki kibandani. Kule unalipia mechi, unapigwa, unampisha mwenzako. Nani atakuachia pedi usome mazungumzo ya wanakijiji saa nzima? Kijana wangu anaicheza sebuleni kwangu, kwenye PlayStation ya zamani inayonguruma kama jenereta, akiwa likizo ya chuo. Mimi natazama. Nimeshakuwa mtazamaji sugu, najua hata farasi anaitwa nani.

Nianze na sehemu ambayo sifa ile ni ya kweli kabisa, maana nisipoisema nitakuwa nimedhulumu.

Velen ni nchi ya matope, vita vimepita juu yake, na mti wa kwanza wa maana unaouona umejaa watu walionyongwa. Anayetawala pale ni Baroni, jina lake Phillip Strenger: mnene, mcheshi, mlevi. Mkewe Anna na binti yao Tamara wametoweka, na yeye anataka Geralt awatafute ndipo aseme anachojua kuhusu Ciri. Kidogo kidogo unagundua hawakutekwa. Walimkimbia. Alikuwa anampiga mkewe, na usiku mmoja wa kipigo mimba ikatoka. Kitoto kile hakikupewa jina wala kuzikwa ipasavyo, kikageuka zimwi.

Hapo unachagua: ukiue kwa upanga, au umshurutishe Baroni akichukue. Kijana wangu alichagua la pili. Usiku, mvua inanyesha, yule jitu mnene anatembea amekipakata kile kitu mikononi, kibaya cha kutisha, na kila mizimu ikijitokeza njiani Geralt anapigana nayo huku akirudi kukituliza kisimgeukie baba yake. Wanafika kizingitini mwa nyumba. Baroni anakipa jina, Dea, anatamka kwamba ni binti yake, anakizika palepale mlangoni. Sijui kama kuna mtu wa huku anayehitaji kuelezwa kwa nini mtoto asiyezikwa hatulii. Waslavu wamelijua hilo kwa njia yao, nasi kwa yetu. Kijana aliweka pedi chini akaenda kunywa maji.

Wachezaji wengi wanasema kisa hiki ndicho bora kuliko vyote walivyowahi kuvikuta kwenye gemu, na sitabishana nao. Nabishana nao wanaposema wanampenda Baroni. Wapo, tena wengi. Wanamwona mtu aliyeteleza, aliyejuta, mwenye utani wa kizee.

"Shangazi, kusema kweli mimi nilimhurumia," kijana akaniambia.

"Ulimhurumia kwa sababu amepewa nafasi ya kusema. Anna je, umemsikia akisema nini?"

Akanyamaza, akawaza. "Anna karibu hasemi kitu."

Ndiyo hivyo. Ukimkuta Anna yuko kwenye kinamasi, analea watoto yatima chini ya ulinzi wa vikongwe watatu, ana alama mikononi za mkataba aliofunga nao, na hofu imemla akili. Habari zake zote unazipata kwa mdomo wa mumewe: kwamba wakati yeye yuko vitani mke alijipatia mwanamume mwingine, kwamba alimuua huyo mwanamume, kwamba wote wawili walikuwa na makosa. Tamara anasema machache ya upande wa mama yake, na wachezaji wengi humwona binti mkali asiyesamehe. Baroni analia vizuri, basi anasamehewa.

Lakini gemu yenyewe haikukuambia umsamehe. Hilo nalipa heshima. Na hata uamuzi mkubwa wa Velen unakuacha peke yako. Chini ya kilima kuna pepo amefungwa kwenye mizizi ya mti. Anasema ukimfungua atawaokoa wale yatima wasiliwe na vikongwe. Ukimfungua, kweli watoto wanaokoka, ila kijiji cha Downwarren kinaangamizwa, na Anna anapoteza akili kabisa. Baroni anaondoka naye kumtafutia mganga milimani. Ukimuua pepo, kijiji kinabaki salama, watoto hawaonekani tena, Anna anageuzwa zimwi la majini na kufa akishafunguliwa laana, na Baroni unamkuta ananing'inia kwenye mti uani kwake. Matokeo yanakuja baada ya muda mrefu, umeshakwenda mbali, umeshasevu juu ya ulichosevu. Huwezi kurudi nyuma dakika tano ukarekebisha. Wapo wanaolalamika juu ya hilo, kwamba wameonewa. Mimi naona ndiyo ufundi wenyewe.

Malalamiko mengine nayapitia haraka. Geralt alikuwa anageuka kama lori kwenye uchochoro, na mwaka uleule wa 2015 watengenezaji wakaongeza namna nyepesi ya kutembea. Mapigano yakizoeleka yanachosha. Bahari ya Skellige imejaa alama za kuulizia ambazo nyingi ni mapipa na masanduku yanayoelea, kazi ya mtu asiye na kazi. Na kuna karata, Gwent, ambayo imewapoteza watu wazima wenye akili zao: mtoto anawindwa, dunia inaelekea kugandishwa na baridi, na baba yuko baa anatafuta nani mwingine wa kucheza naye.

Ugomvi wa Yennefer na Triss nao una sababu ambayo wenyewe hawaitaji. Waliosoma vitabu wako kwa Yennefer, kwa kuwa vitabuni ndiye wake. Walioanza na gemu ya kwanza ya 2007 na ya pili ya 2011 walimkuta Geralt amepoteza kumbukumbu na Triss ndiye aliyekuwa karibu, wakamzoea. Kila mtu anamtetea aliyemkuta nyumbani. Anayejaribu kuwashika wote wawili anaishia amefungwa kitandani na kuachwa, na hiyo nadhani ndiyo adhabu pekee ambayo wachezaji wote wanaikubali wakicheka.

Sasa ugomvi wangu.

Mwisho wa gemu, hatima ya Ciri haiamuliwi na upanga. Inaamuliwa na majibu machache uliyompa njiani, ambayo hayakuonekana na uzito wowote. Ukijibu vizuri mara za kutosha, anarudi hai, ama awe mwindaji kama baba yake mlezi ama awe malkia wa Nilfgaard, dola ya baba yake wa damu. Ukijibu vibaya, harudi. Yaani gemu iliyosifiwa kwamba haihukumu, ilikuwa na karatasi ya maksi mfukoni muda wote. Na aliyeandika majibu ya mtihani hakulelewa kama mimi.

Chukua la kwanza. Mzee Vesemir, aliyewalea wote, ameuawa akimtetea Ciri. Wamemchoma juu ya kuni kwa mila yao. Ciri anajilaumu, anafanya mazoezi na kukasirika kwamba hawezi. Geralt anaweza kukaa naye, wakanywa, akamwambia si lazima aweze kila kitu. Au anaweza kumrushia donge la theluji. Kijana wangu alikaa naye. Mimi pia ningekaa naye. Majivu ya mzee hayajapoa, nani anacheza? Msibani unakaa na mfiwa, unampunguzia, unamwambia usijitwishe. Kumbe lile lilikuwa jibu baya: umemvunja moyo. Jibu zuri ni theluji. Wachezaji wengi wanaipenda sana sehemu ile, wanasema inawatoa machozi. Mimi naona watu wawili wanarushiana theluji matangani.

La pili ni kikao cha wachawi wakuu, wale wanawake wa Baraza. Wanamwita Ciri wazungumze juu ya maisha yake ya mbele. Geralt anaweza kuingia naye, au kumwacha aende peke yake. Kijana akaingia naye. Jamani! Binti anaitwa na wanawake wazito wenye hila zao wampangie maisha, na mlezi abaki nje? Kwetu angekuwepo shangazi, angekuwepo mjomba, na asiyehusika pia angetafuta sababu ya kuwepo. Gemu ikaandika: hukumwamini.

Kisha maabara ya Avallac'h, mwalimu wa Ciri. Ciri anaambiwa pale kwamba mwalimu wake anamdharau, anataka kuvunja kila kitu. Kijana akamwambia atulie. Vyombo vya watu, tena ndani ya nyumba ya watu. Kosa jingine.

Pa kumtetea kijana hapapo kwenye fedha. Alimpeleka Ciri kwa Emhyr, mfalme, baba yake wa damu, na hilo halina ubaya. Mtoto kumwona baba yake ni haki. Lakini Emhyr alipotoa malipo ya kazi, kijana akapokea.

"Si tulikubaliana naye tangu mwanzo, Shangazi? Kazi ni kazi."

"Umemuuza mtoto."

"Nimemfikisha kwa baba yake!"

"Na ukachukua chenji."

Jibu lake moja tu ndilo lililopata maksi. Kuna kijana wa visiwani aitwaye Skjall, aliyemsaidia Ciri kisha ndugu zake wakamwita mwoga na kumtupa kama mbwa. Ciri anaomba wapite kwenye kaburi lake. Kijana wangu alikubali bila kufikiri, maana kaburi ukiliombwa unakwenda. Hapo mtunga mtihani na sisi tulikutana. Hapakutosha.

Ciri akaingia kwenye ule mwanga peke yake kuizuia Baridi. Akiwa anatembea, gemu inamrudishia kumbukumbu, vipande vifupi, na vile vipande ni majibu yako. Nilimwona kijana anavitambua kimoja kimoja: ule usiku wa kunywa, ile fedha. Hakusema neno. Halafu Geralt yuko kinamasini tena, anamuua kikongwe wa mwisho ili apate kidani cha Vesemir ambacho Ciri alikuwa akikivaa, anakaa kwenye kibanda amekishika, na mazimwi yanakizunguka kibanda. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

Nilikasirika kwa niaba yake, na nilimwambia hivyo. Cha kushangaza yeye aliitetea gemu.

"Ciri si mtoto, Shangazi. Ameishi miaka anakimbia dunia moja hadi nyingine bila baba wala mama. Halafu mimi naenda kumshika mkono kama wa chekechea."

"Kumsindikiza mtu si kumshika mkono."

"Kwetu. Kule kwao ni hivyo."

Ana hoja, nami nimeizungusha kichwani tangu mchana. Ukiingia nyumba ya watu unafuata ya watu. Lakini bado nasema Velen ilikuwa na adabu zaidi. Kule niliachwa na maiti ya Anna au maiti za wanakijiji, na hakuna aliyeniambia nipate ngapi kwa kumi. Kwa Ciri, aliyetunga alikuwa na jibu lake, akalificha, akaniita mlezi mbaya kwa kukaa na mfiwa. Wanaosema gemu haihukumu wengi wao ni wale ambao majibu yao yaliangukia upande wa mtunzi. Mtu aliyefaulu mtihani hana sababu ya kujua kwamba alikuwa anafanya mtihani.

Sasa hivi kijana amerudi kwenye kumbukumbu ya zamani aliyosevu. Rafiki zake wa chuo wamempa majibu yote, hili sema, hili usiseme, na nimemsikia sebuleni anacheka: Ciri amemwangusha Geralt kwenye theluji na kumshindilia. Fedha ya Emhyr safari hii ameikataa kwa madaha, kana kwamba hakuwahi kuipokea.

Akimaliza anaanza Hearts of Stone, nyongeza ya Oktoba 2015, ambayo wengi wanasema imeandikwa vizuri kuliko hata hadithi kuu. Kuna mfanyabiashara wa vioo humo, Gaunter O'Dimm, aliyemsaidia Geralt bure mwanzoni kabisa mwa gemu. Nimeshamwambia kijana amwangalie vizuri mtu anayesaidia bure baa. Kasema nisimharibie.