Dawa ya Pumu ya Mtoto Huamuliwa Ukumbini

Katika nyumba nyingi za Lamu, mama ndiye anayempeleka mtoto mwenye pumu kliniki, lakini dawa itakayotumika huamuliwa baadaye, ukumbini, na watu ambao daktari hajawahi kuwaona. Baba huuliza bei. Bibi huuliza kama dawa yenyewe ni kali. Shangazi hukumbuka jirani aliyeivuta akaizoea hata asiweze kuiacha. Mwanangu ana pumu tangu akiwa mdogo, na ninaamini kwamba daktari asiyeuliza ni nani mwingine mwenye kauli nyumbani huwa ameandika nusu ya agizo.

Wazo la daktari na familia kuamua pamoja si la jana. Mwaka 1997 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, Cathy Charles, Amiram Gafni na Tim Whelan, walieleza kwamba uamuzi wa namna hiyo huhitaji pande mbili kwa uchache, kila upande utoe unayoyajua, kisha wafikie makubaliano ambayo wote wanayaridhia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watu 612 ambao pumu yao haikuwa imedhibitiwa, na waliojadiliana na mhudumu kuhusu matibabu yao walitumia dawa kwa uthabiti zaidi na wakapata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima wanaojisemea. Kwa mtoto mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa anayeumwa si yule anayeamua.

Ugumu wenyewe huanzia kwenye dawa mbili. Salbutamoli, ile ya inhela ya buluu, hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na mtoto hupata ahueni ndani ya dakika chache mbele ya macho ya kila mtu. Beklometasoni au budesonidi, ambazo ni steroidi za kuvuta, hupunguza uvimbe ulio ndani ya njia hizo, na kazi yake haionekani siku hiyo wala kesho yake. Basi familia huipenda inayoonekana na kuitilia shaka isiyoonekana, na sioni ajabu yoyote katika hilo.

Mavyaa wangu alipofuatana nasi kliniki, swali lake lilikuwa moja: “Mwanangu daktari, dawa hii haitamdumaza mtoto?” Daktari yule kijana angeweza kumwambia asiwe na wasiwasi, jibu ambalo tulikwisha kulipata kwingine na halikumsaidia mtu. Badala yake alimweleza kwamba swali lake lina msingi, kwamba watoto wa Marekani na Kanada waliotumia budesonidi kwa miaka kadhaa walifuatiliwa hadi utu uzima na, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2012, kimo chao kilikuwa pungufu kwa wastani wa sentimita 1.2 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa dawa hiyo. Kisha akamweleza hatari ya upande wa pili, ya kifua kinachobana usiku na shambulio linaloweza kuua. Mavyaa alipima, akauliza kama kipimo kingeweza kupunguzwa mtoto akitengemaa, na akaambiwa kwamba hilo hufikiriwa pumu ikidhibitiwa vizuri kwa muda wa miezi 3 hivi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayemkumbusha mjukuu wake kuvuta dawa na kusukutua kinywa.

Daktari naye alikuwa na ya kujifunza. Karatasi za ushauri huonya kuhusu moshi wa sigara, nasi nyumbani hatuna mvutaji, ila tuna chetezo. Kumwambia mtu wa Lamu aache udi na ubani ni kupoteza maneno. Kukubaliana kwamba nguo zifukizwe mtoto akiwa chuo cha Kurani na madirisha yakiwa wazi ni jambo linalotekelezeka. Makubaliano hayo yasingefikiwa kama hakuna aliyethubutu kukitaja chetezo mbele ya daktari.

Kwa jamaa zetu wa Faza, kisiwani Pate, jambo lenye uzito zaidi ni maji. Mashua za kwenda Pate hupitia mkondo wa Mkanda, ambao kwa miaka mingi haukupitika vizuri maji yakipwa, na wakati wa kusi bahari huchafuka. Mpango unaosema “akizidiwa, mleteni hospitali mara moja” unamfaa mtoto wa Langoni, mtaa wa mjini Lamu. Kwa mtoto wa Faza lazima kujadiliwe mapema kiasi cha dawa kitakachowekwa nyumbani, dalili za kuondoka bila kusubiri, na nahodha wa kupigiwa simu usiku. Spesa nayo, yaani chombo kinachounganishwa na inhela ili dawa imfikie mtoto vizuri, isiwe kisingizio, kwani utafiti wa Heather Zar na wenzake, Cape Town, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa na kuzibwa vizuri hufanya kazi sawa na ile ya dukani kwa mtoto aliyeshikwa.

Hata hivyo kuamua pamoja kuna mpaka. Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi haitishiwi kikao. Hapo daktari aamuru na sisi tutii. Vilevile simsifu mhudumu anayemrundikia mzazi machaguo kisha akamwambia “shauri yako”, maana huko ni kukwepa kazi kwa adabu. Ninachotaka kwake ni aseme angependelea lipi na kwa nini, kisha atusikilize.

Miezi 3 ya mwanangu inakaribia kutimia, na suala la kupunguza kipimo litarudi mezani. Baba yake anataka kipunguzwe sasa kwa sababu ya gharama, mavyaa anataka tusubiri kusi lipite, nami nimeshaomba miadi ambayo wote wawili wataweza kuhudhuria.