Nilivyopata nota za polka za kupiga kwa klarineti

Ukiandika "clarinet polka" kwenye intaneti, utaletewa kipande kilekile kurasa nzima, kwa sababu hilo ni jina la polka (muziki wa dansi wa Ulaya, wa mapigo mawili) moja ya Kipoland. Mimi neno klarineti nililiacha. Nilitafuta polka zilizoandikwa kwa piano au fidla, nikazihamisha mwenyewe, na hapo zikawa nyingi mno.

Za bure nazitoa IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Johann Strauss wa pili ana polka tele pale. Annen-Polka, opus 117 ya mwaka 1852, ni ya kuanzia kwa sababu haikimbii. Soma maneno yanayofuata jina: polka française ni ya taratibu, polka schnell ni ya mbio, na polka-mazurka iweke kando, hiyo huenda kwa mapigo matatu. Karatasi ya klarineti ya okestra nayo haifai ukiwa peke yako, maana muda mwingi inaitikia besi tu, tena unaweza kukuta imeandikwa kwa klarineti ya C. Chukua ya piano, mkono wa kulia. Penye oktavu piga nota moja, ya juu ikiwezekana.

Škoda lásky ya Jaromír Vejvoda, ambayo watu huiomba kuliko zote, inunue. Mtunzi alifariki 1988, na sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi hadi miaka 50 baada ya kifo.

Bando likiwa dogo, tafuta polka za Ireland kwenye tovuti ya The Session. Zimeandikwa kwa ABC, yaani maandishi matupu, kwa hiyo hazili data. Nyingi ni vipimo 8 na vingine 8, kila sehemu ikirudiwa. Mstari wenye K: unakupa ufunguo, na wenye M: unapaswa kuwa 2/4.

Kuhamisha sasa. Klarineti ya kawaida ni ya B flati: ukisoma C, inatoka B flati. Ukipiga peke yako, soma kama ilivyo, hakuna atakayejua. Akiwepo mtu wa kinanda, panda toni nzima na uongeze shapu mbili. B flati inakuwa C, F inakuwa G, raha tupu. Polka za Ireland za D zinakuwa E yenye shapu nne, na za A zinakuwa B yenye tano; hapo mwombe mwenye kinanda ashuke toni moja, ni rahisi kwake kuliko kwako. MuseScore, programu ya bure, inahamisha yenyewe ukichagua klarineti ya B flati, lakini zima kitufe cha Concert Pitch kabla ya kuchapisha. Kikiwa kimewashwa, karatasi inatoka na nota za kinanda na mtapishana toni nzima. Waliozoea solfa za kwaya wana njia fupi: waiandike polka kwa d r m, wabadilishe doh tu.

Kabla ya kukubali ufunguo wowote, tazama mara ngapi wimbo unaruka kutoka A au B flati ya katikati kwenda B inayofuata. Pale vidole vinatoka karibu mikono mitupu hadi kuziba matundu yote kwa mpigo mmoja, na kwa mwendo wa polka ndipo klarineti hupiga kelele. Ukipiga A na B flati hizo, acha vidole vya mkono wa kulia vimeziba matundu yake. Sauti haiharibiki na vidole vya kushusha vinapungua.

Kuchapisha, wachapaji wa Nasser Road, Kampala, wanatosha. Omba kurasa mbili za A4 ziwekwe pamoja kwenye A3 moja, kwa sababu baada ya trio (sehemu ya kati ya polka) mara nyingi kuna D.C. inayokurudisha mwanzo, na hakuna mkono wa kufunulia karatasi. Trio yenyewe kwa kawaida huongeza flati moja au kuondoa shapu moja. Izungushie kalamu nyekundu.