Sekunde 0.09

Jumapili, Februari 23, 2014, nilikuwa Riga, mji mkuu wa Latvia, mwanafunzi kutoka Mwanza niliyepanga chumba kwa bibi mmoja aliyeshavuka miaka sabini. Asubuhi alinigongea mlango. Mezani alishakata mkate mweusi, akapanga viti viwili mbele ya televisheni. Siku hiyo Mlatvia Oskars Melbārdis alikuwa anaendesha bobsledi ya watu wanne, chombo kinachoteleza kwa kasi kwenye mfereji wa barafu, katika Olimpiki za majira ya baridi kule Sochi, Urusi.

Bibi ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo huo. Wanaume wanne wenye viatu vya meno ya chuma wanasukuma chombo kwa nguvu zao zote, wanakirukia mmoja baada ya mwingine, kisha watatu wanainamisha vichwa. Anayeiona njia ni dereva peke yake. Akikosea kidogo kona za juu, kosa linamfuata mpaka chini.

Halafu kuna habari ya 1988, ambayo alinisimulia mara nyingi. Februari 16 mwaka ule Melbārdis alizaliwa Valmiera. Siku chache baadaye, kwenye Olimpiki za Calgary, Kanada, Mlatvia Jānis Ķipurs akatwaa dhahabu ya bobsledi ya watu wawili, lakini bendera iliyopanda ilikuwa ya Muungano wa Kisovieti, ambao Latvia ilikuwa ndani yake wakati huo. "Mtoto wetu, wimbo wao," alikuwa akisema. Alikuwa anausubiri wimbo wa taifa wa kwao tangu siku ile.

Mkondo wa mwisho ukafika. Melbārdis, Daumants Dreiškens, Arvis Vilkaste na Jānis Strenga wakasukuma. Bibi alishika kipande cha mkate bila kukila, akakifinyafinya mpaka makombo yakamjaa mapajani. Mikondo yote minne ilipojumlishwa, Alexander Zubkov wa Urusi, aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, alikuwa mbele kwa sekunde 0.09.

"Fedha," bibi akasema kwa sauti ya chini. Akajikung'uta makombo, akaenda kubandika birika. Sikumfuata. Nilimwona mgongo tu, amesimama kwenye jiko kwa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchemka.

Novemba 2017, nikiwa nimesharudi Mwanza, nikasikia kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imemfutia Zubkov matokeo ya Sochi kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli. Mwili ulinisisimka, kisha hasira ikanipanda. Dhahabu ya kwanza ya Latvia kwenye Olimpiki za majira ya baridi, na vijana wale walishashuka jukwaani na fedha miaka mitatu na ushee iliyopita! Nikampigia bibi. Alishasikia.

"Na wimbo, mjukuu wangu? Wataupigia wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Basi siku wakiupiga, nipigie simu, hata kama ni usiku. Nitakuwa nimekaa palepale."