Namba 10 dakika za mwisho

Septemba 30, 2023 nilikuwa kazini ndani ya uwanja wa MCG, Melbourne, nyuma ya kaunta ya chipsi na pai za nyama. Ilikuwa fainali kuu ya AFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia, Collingwood dhidi ya Brisbane Lions, na watu 100,024 walikuwa wameingia. Joto la siku ile halikuwa la kawaida kwa Septemba ya kule. Mafuta ya kukaangia yanachemka mbele yangu, foleni haina mwisho, na mechi yenyewe naisikia zaidi ya kuiona: ukuta unatetemeka watu wakipiga kelele, kisha wote kwenye foleni wanageuza shingo kutazama televisheni iliyoning'inia juu.

Macho yangu ya mpira yalizaliwa Morogoro, shuleni, nikicheza kiungo. Mchezo wowote nikiuona, hata nisioujua, macho yanamtafuta mtu wa katikati. Huu wa Australia una mpira wa umbo la yai na uwanja wa duara refu. Wachezaji ni 18 kila upande. Mpira haurushwi kwa mkono. Unapigwa teke, au unaushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine kumpasia mwenzako. Viungo ndio wanaoumia. Siku zile refa alikuwa anaudunda katikati, warefu wawili wanaruka kuugombea, na pale unapoangukia kuna miili minne mitano inagongana kwa kasi. Hayo yanarudiwa alasiri nzima, wiki baada ya wiki, na wachezaji wengi hawafiki hata mechi mia moja.

Scott Pendlebury wa Collingwood, jezi namba 10, siku ile alikuwa na miaka 35 na mechi zaidi ya 380. Alianza mwaka 2006. Nick Daicos, kijana aliyekuwa akicheza naye hapo katikati, mwaka huo alikuwa na umri wa miaka mitatu.

Nilikuwa nimemfuatilia muda mrefu kwa sababu ya jinsi anavyopata nafasi. Si mwenye mbio. Ujanani alikuwa mchezaji wa kikapu, mzuri kiasi cha kupewa nafasi katika taasisi ya michezo ya taifa, akaiacha ili acheze mpira huu. Nafasi ile ikaenda kwa Patty Mills, ambaye baadaye alicheza NBA. Kikapu hakikumtoka. Akishika mpira katikati ya watu wanaotaka kumwangusha, anatulia, anauinua kama anataka kupasia upande huu, mpinzani anayumba, naye anaupeleka kule. Mtu akimkimbilia anamkuta ameshauachia. Naamini hilo ndilo lililomfikisha miaka yote ile: migongano ambayo wenzake waliipokea, yeye alikuwa ameshaiepuka kwa hatua moja kabla haijafika. Wanaosema ni bahati ya mifupa tu wanamnyima haki yake.

Pale kazini nilikuwa na mama mmoja wa Bukavu ambaye aliishi miaka kadhaa kambini Kakuma kabla ya kuja Australia. Katika mchezo huu alimpenda Aliir Aliir wa Port Adelaide, kwa kuwa alizaliwa Kakuma, na timu nyingine zote kwake zilikuwa sawa. Robo ya tatu, mikono yetu ikiwa imejaa unga na chumvi, akaniuliza, "Mtoto yangu, ule namba kumi unamwangaliaka hivyo, ni ndugu yako?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Mwangalie tu, utaona."

Robo ya nne ikiingia dakika zake za mwisho, foleni ikaisha ghafla. Hakuna aliyetaka chipsi tena. Msimamizi wetu, dada mkali ambaye siku nyingine hakuruhusu hata kuegemea kaunta, alizima vikaangio mwenyewe, akasema twende. Tukapanda ngazi tukasimama juu kabisa ya njia ya kuingilia, aproni zikiwa bado kiunoni, na uwanja wote ukafunguka mbele yetu.

Charlie Cameron akafunga, Brisbane wakaongoza kwa pointi mbili. Sikumaliza hata kuvuta pumzi, Jordan De Goey akarudisha. Kisha Steele Sidebottom akapiga teke refu sana, likapita, Collingwood wakawa mbele kwa pointi kumi. Joe Daniher akafunga kwa Brisbane. Pointi nne. Ikabaki dakika moja na ushee, na goli moja lina pointi sita.

Watu laki moja wanautazama mpira. Mimi nikabaki na namba 10. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameinama, mikono magotini. Yeye kasimama wima, mkono umenyooka, anamwonyesha huyu asogee, yule arudi, mdomo hautulii. Nilikumbuka fainali ya 2018: akiwa nahodha, Collingwood walipoteza kwa West Coast kwa pointi tano, na goli la kuwaua lilikuja dakika za mwisho kama hizi. Mwanzoni mwa 2023 unahodha ulikuwa umeshapita kwa Darcy Moore. Cheo alikiacha, lakini kazi ya kupanga watu hakuiacha, na mama wa Bukavu aliliona hilo bila kuambiwa na mtu. Akanishika mkono, akasema, "Ule ndiye mkubwa yao."

King'ora kikalia. Collingwood 90, Brisbane 86. Brisbane walifunga magoli 13 na Collingwood 12, ila Collingwood walikuwa na zile pointi mojamoja 18 za mpira unaopita kati ya nguzo kubwa na ndogo, na Brisbane nane tu. Mama hakulikubali hilo hata kidogo. Aliniambia mwenye magoli mengi ndiye mshindi dunia nzima, na nilimweleza hesabu mpaka tunarudi kaunta.

Bobby Hill alipewa medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali. Pendlebury aliichukua 2010, mechi ya marudiano baada ya Collingwood na St Kilda kutoka sare 68 kwa 68. Kati ya ubingwa ule na huu imepita miaka 13, na katika timu ya 2010 waliobaki uwanjani siku ile walikuwa wawili, yeye na Sidebottom. Niliwaona kwa mbali, medali shingoni, wakikumbatiana na vijana waliokuwa shule ya msingi walipochukua ile ya kwanza. Nilitokwa na machozi, na msimamizi wetu alikuwa analia pia, skafu nyeusi na nyeupe ya Collingwood ikichomoza chini ya sare ya kazi.

Usiku tukifunga kibanda mama akaniuliza, "Mwakani atacheza tena, ao amechoka?"

"Atacheza," nilimjibu.

Akacheza. Agosti 2024 alifikisha mechi ya 400, mchezaji wa sita tu katika historia ya ligi kufika hapo, na siku hiyo niliomba ruhusa kazini mapema, nikakata tiketi kama watu wengine.