Siku ya kusaili fundi wa TEHAMA

Saa 12:00 asubuhi. Hiace ya kutoka Igoma, hapa Mwanza, imejaa mpaka mlangoni na konda bado anaita. Kwenye simu kuna ujumbe wa msimamizi wa zamu ya usiku: printa ya lebo imegoma. Katoni ya minofu ya sangara isiyo na lebo haitoki kiwandani, kwa hiyo hata leo, siku ya usaili wa fundi msaidizi, naanzia chumba cha kufungashia.

Saa 1:15. Gambuti, koti jeupe, kofia ya neti. Lazima, hata kama umekuja kugusa waya tu. Printa na kompyuta mpya ya stoo zimepewa anwani moja ya mtandao, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, zinapokonyana. Naibadilishia printa ya kwake. Inachapa.

Saa 3:00. Jopo ni mama wa rasilimali watu, mhasibu na mimi. Mhasibu ana swali lake la kila mwaka: "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Wote wanajiona hapa hapa. Hakuna anayesadiki, na alama wanapata.

Zamu yangu ni mezani. Kompyuta haina intaneti, itafute shida. Nimechomoa waya wa kutoka kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, kwenda kwenye rauta inayoleta intaneti na kugawa anwani, lakini taa ya kompyuta kwenye swichi inawaka kama kawaida. Windows ikikosa anwani kutoka kwa rauta hujipa yenyewe, inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, jua kompyuta haijapata jibu. Tafuta nani kanyamaza.

Wa kwanza, mwenye digrii na shati lililonyooka, aliizima akaiwasha, kisha akaomba ruhusa apige Windows upya. Kwa tatizo la waya! Wa pili aliandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta, akaiona 169.254, akasema anwani ipo, basi mtandao ni mzima.

Saa 5:00. Binti wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kisingizio cha kivuko, na aliwahi kuliko wa mjini. Nilimuuliza mtandao wa ukubwa unaoandikwa /26 unabeba vifaa vingapi, akasema 64. Ni 62: anwani ni 64, lakini ya kwanza na ya mwisho hazigawiwi. Lakini mezani hakugusa kitu kwanza. "Samahani kaka, na ya jirani nayo haina neti? Ilianza lini? Kuna mtu kahamisha kitu?" Kisha akainama, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye swichi.

Wa nne ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Makoroboi. Alipewa waya wa mtandao na kichwa chake cha kuchomeka akaanza kupanga nyuzi kwa rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, huku anaongea na mama wa rasilimali watu na macho hayapo mikononi. Cheti hana. Tangazo letu lilitaka stashahada.

Saa 7:00 mchana. Ugali na sato, na ubishi. Mhasibu anataka digrii. Namwambia digrii hiyo ingefuta kompyuta ya stoo leo asubuhi, na hesabu zake humo humo. Akaacha kutafuna.

Saa 9:30. Fomu zimejumlishwa, binti kaongoza. Wa Makoroboi nimemwomba namba ya simu: tunataka kuvuta waya chumba kipya cha baridi, na kibarua hakidaiwi cheti.